Mboga za darini zinaungua kwa chumvi, si kwa kiu

"Assalaam aleikum. Nakaa Langoni, Lamu, nyumba ya zamani ya mawe, na shamba langu ni darini, juu ya paa. Tangu upepo wa Kaskazi uanze nimepanda kwenye vyombo 11: ndoo za lita 20 na mitungi niliyoikata. Nilitia mchanga wa ufuoni nikauchanganya na samadi ya punda, chini nikaweka kokoto. Namwagilia maji ya kisima chetu, yana chumvichumvi lakini tumezoea kuyaogea. Maharagwe yaliota, majani yakaanza kukauka pembeni kama yaliyochomwa, yakafa. Sukuma wiki imebaki manjano, mishipa ya jani tu ndiyo kijani. Tungule (nyanya) zinatoa maua, yanaanguka. Jirani ameniambia nitie majivu, mwingine asema nimwagilie kidogo kidogo asubuhi na jioni. Mamamkwe naye aogopa dari litatuangukia. Je, nina mkono mbaya? Niache?"

Waaleikum salaam warahmatullah, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu umeeleza mambo ambayo wengi huyasahau: mchanga ulitoka wapi, maji ni ya wapi, jani lilianza kukauka upande gani. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kubahatisha. Mkono wako hauna kasoro. Kinachoua mboga zako ni chumvi, na ule ushauri wa kumwagilia kidogo kidogo asubuhi na jioni ndio unaozidisha madhara. Majivu nayo yaache kabisa kwa sasa. Na mamamkwe ana haki ya kuuliza, nitafika kwake.

Nianze na jani lililokauka pembeni. Mmea wenye kiu ya kawaida hunyauka wote, jani linalegea, ukiupa maji unasimama. Wako haukulegea, uliungua ukingoni. Maji yanapopanda kutoka kwenye mizizi hufika mwisho wa jani na kuyeyukia hewani, lakini chumvi iliyokuja nayo haiwezi kuruka. Hubaki pale pale kwenye ncha na kwenye kingo, siku baada ya siku, mpaka sehemu ile inakufa.

Huku chini kuna shida nyingine. Wewe umekulia Pwani, unajua achari. Ukikata embe bichi ukalinyunyizia chumvi na kuliacha, ukirudi unakuta sahani ina maji. Hakuna aliyeyatia, chumvi imeyavuta kutoka ndani ya embe. Ng'onda, samaki wa kukaushwa, hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Mzizi kwa kawaida huweza kunyonya maji kwa sababu utomvu wake ni mzito kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, mambo yanageuka: udongo unayashikilia maji na mzizi unashindwa kuyavuta. Ndiyo maana ukitia kidole unakuta udongo umelowa, na mmea juu yake unakufa kwa kiu.

Sasa utaniuliza, mbona kuna watu wana miti mashambani na maji yao yana chumvi? Kwa sababu ardhi ina kina. Mvua ikinyesha, chumvi inashuka chini kuliko mizizi. Ndoo haina pa kuipeleka. Tufanye hesabu ndogo. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Sehemu moja ya bahari ikiingia katika sehemu 20 za maji matamu, unapata maji yenye gramu karibu 1.7 kwa lita, maji ambayo mtu aliyezoea anaogea bila kulalamika. Tuseme kisima chenu kina gramu 2. Ukimwagilia lita 2 kila siku, kidogo kidogo, maji yasitoke chini, umeiwekea ndoo moja gramu 4 za chumvi kila siku. Kwa mwezi ni gramu 120, kama nusu kikombe cha chai kilichojaa chumvi, katika ndoo moja. Kaskazi inakausha maji yote, chumvi yote inabaki.

Nakuomba ufanye jambo moja leo. Chukua ndoo iliyokufa mmea, iegemeze, uipige kiganja pembeni hadi udongo utoke mzima. Tazama kwanza ukingo wa juu, pale udongo unapogusa plastiki: utaona ukoko mweupe, mkavu, unaokwaruzika kwa ukucha. Kisha tazama mizizi. Mzizi mzima huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, una vinywele. Ukiona kahawia na ncha zilizokatika, umejionea mwenyewe haya ninayoyaeleza. Nusa pia. Ukisikia harufu ya matope ya mikokoni chini kabisa, basi na zile kokoto zina lao.

Kokoto chini ya chombo ni imani niliyoikuta kila mahali, hata kwa watu waliosomea. Watu hudhani zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayateremki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto; yananing'inia juu yake kama yanavyobaki kwenye sponji uliyoiweka juu ya wavu. Kwa hiyo kokoto zinalipandisha lile tabaka la maji yaliyotuama na kulisogeza karibu na mizizi, na ndoo yako ya lita 20 inakuwa kama ya lita 15. Zitoe. Toboa matundu sita au manane chini, ukubwa wa kidole kidogo, uweke kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usimwagike. Inatosha.

Dawa ya chumvi ni kuiosha, na ni lazima maji yatoke chini. Kwa vyombo ambavyo bado vina mimea hai, mwaga taratibu maji mara mbili ya ujazo wa chombo, yaani lita 40 kwa ndoo ya lita 20, kwa awamu, ukiacha yashuke. Najua utasema maji yenyewe ni ya chumvi, yataosha nini? Yataosha. Udongo uliokaa miezi miwili una chumvi nyingi kuliko kisima, mara tatu au nne pengine, kwa hiyo hata maji ya kisima yanapopita yanaondoka na ile iliyozidi. Hayawezi kuufanya udongo uwe mtamu kuliko kisima, lakini yanaurudisha kwenye kiwango cha kisima, na hapo kuna mboga zinazoweza kuishi. Baada ya hapo badilisha namna ya kumwagilia: subiri mpaka pingili ya kwanza ya kidole iwe kavu, kisha mwaga maji ya kutosha hadi robo hivi ya uliyomwaga itoke chini. Katika Kaskazi huenda ikawa kila siku. Wakati wa upepo wa Kusi, siku mbili tatu.

Hapa nikuonye kuhusu jambo linalosifiwa sana siku hizi, vyombo vyenye hodhi ya maji chini, ambamo udongo unanyonya kwa utambi. Ni uvumbuzi mzuri kwa mwenye maji matamu. Kwa maji ya kisima chako ni mtego: maji yanapanda tu, hayashuki, na chumvi inajikusanya juu kabisa pale mche mdogo ulipo. Vivyo hivyo sahani chini ya chungu. Ukiiweka ili kulinda sakafu, imwage kila mara, maana maji yaliyotoka na chumvi yakiachwa hupanda tena.

Nije kwenye sukuma wiki ya manjano, kwa sababu hilo ni gonjwa la pili na halitibiwi kwa kuosha. Jani jipya kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya mmea kukosa madini ya chuma. Na chuma huenda kipo humo udongoni, ila kimefungwa. Mchanga wa ufuoni una vipande vya matumbawe na makombe yaliyosagika, nayo ni chokaa. Chokaa ikizidi, chuma kinageuka kuwa kitu kisichoyeyuka na mzizi hauwezi kukichukua. Kuhakikisha, chukua kijiko kimoja cha mchanga wako mkavu, mimina siki juu yake, sogeza sikio. Ukichemka na kutoa povu, ni chokaa.

Ndiyo maana nakwambia uache majivu. Jirani yako hakukudanganya. Majivu yana potasiamu, na kwenye udongo mchachu wa bara yanasaidia kweli. Lakini majivu hufanya kazi ile ile ya chokaa, na yana chumvi zake pia. Kuyatia kwenye mchanga wa matumbawe ni kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Maganda ya mayai hali kadhalika. Wengine watakwambia umwagie siki au ndimu ili kuondoa ukali wa chokaa. Utamaliza ndimu zako bure, kwa sababu kila punje ya matumbawe ina akiba ya chokaa isiyokwisha kwa kikombe cha siki. Ipo mbolea ya chuma iliyotengenezwa maalumu kwa udongo wa chokaa, maduka makubwa ya kilimo huwa nayo, lakini kwa ndoo 11 naona ni gharama isiyo na haja. Badilisha mchanganyiko.

Mchanganyiko ninaoupendelea kwa Lamu ni sehemu mbili za samadi iliyooza kabisa ikawa kama udongo, sehemu moja ya udongo wa shamba kutoka bara, upande wa Hindi au Mpeketoni kama una mtu anayevuka, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi hushika maji kama sponji na ni mepesi. Lakini angalia yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa matopeni pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa maji ya bahari. Chukua ya nazi unazokuna jikoni, yaponde, yaloweke kwenye maji mazuri na uyamwage mara tatu. Chicha, yaani mabaki ya nazi iliyokamuliwa, usiitie kwenye ndoo ikiwa mbichi. Itachacha, italeta siafu na panya, na panya darini hatoki kwa urahisi.

Samadi ya punda Lamu hatuikosi, alhamdulillahi, na ni nzuri. Ila mbichi ina chumvi ya mkojo, ina mbegu za magugu, na ina joto. Irundike, iloweshe, ifunike, uigeuze kila wiki mbili, uiache miezi mitatu au zaidi. Na jambo hili nalisema kwa uzito: samadi ya punda na farasi inaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Vaa glavu. Ukijikata ukiwa unaishika, osha kidonda kwa maji na sabuni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uulize habari ya chanjo. Usisubiri uone dalili.

Kuhusu ndoo zenyewe, zile za mafuta ya kupikia ni salama. Zilizobeba rangi ya mafuta, oili ya injini au dawa ya wadudu usipandie kitu cha kuliwa, hata ukizisugua namna gani. Na kama ni nyeusi au za rangi nzito, zipake chokaa nyeupe kwa nje. Jua la Februari likipiga plastiki nyeusi, mizizi iliyo karibu na ukuta wa ndoo inapikwa. Chokaa kwa nje ya ndoo haina madhara.

Maji ndiyo penye kazi kubwa. Kisiwa chetu kinakunywa mvua iliyohifadhiwa mchangani. Mvua inazama kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, yanaelea juu yake chini ya ardhi. Kisima kikivutwa sana, au kiangazi kikirefuka, tabaka la juu linapungua na la bahari linapanda. Kwa hiyo maji yale yale unayoyajua kwa miaka yanaweza kuwa mabaya Machi na mazuri Juni. Usichote kwa kuburura ndoo hadi chini; chota ya juu, na kama ni pampu, isizamishwe sana.

Halafu kuna mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Dari lako likiwa na mita za mraba 12 na ikanyesha milimita 20 usiku mmoja wa Mei, umepewa lita 240. Wazee waliojenga nyumba hizi hawakuwa na mchezo na maji; birika lilijengwa ndani ya choo, na ndani ya birika wakafuga visamaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kama birika lenu bado lipo na halivuji, lina thamani kuliko tangi la plastiki. Ukitumia mapipa, yafunike kwa chandarua kilichofungwa imara. Mwaka 2004 chikungunya iliwapiga watu wa Lamu vibaya, wakati wa ukame, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi tunayoyaweka nyumbani kwa nia njema. Sahani za chini ya vyungu nazo ni mazalio.

Hayo maji mazuri, hata yakiwa haba, yapeleke kwa wachanga. Mche ukiwa na wiki tatu za kwanza ndio unaoumizwa zaidi na chumvi. Otesha kwenye kikopo kidogo, umwagilie maji ya mvua au ya kunywa, bilauri moja inatosha kwa miche mingi, kisha uhamishe ndooni ukiwa na majani manne matano. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie bila wasiwasi. Ya kuoshea samaki, ya kuchemshia kilichotiwa chumvi na ya sabuni ya unga, hapana.

Na upande nini? Hapa ndipo nitakukatalia maharagwe, kwa huruma. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa namna umeme unavyopita ndani ya maji yake, kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Maharagwe huanza kupunguza mavuno kikifika 1 tu. Karoti ni hapo hapo, vitunguu mbele kidogo. Sukuma wiki na ndugu zake wa jamii ya kabichi ni karibu 2, tungule 2.5. Kunde hufika karibu 5. Angalia tofauti hiyo! Mmea wa jamii moja na maharagwe, unaopikwa nazi ile ile, na majani yake ni mboga. Anza na kunde. Baada ya wiki nne au tano utachuma majani. Spinachi ile ya majani mapana, ambayo ni jamii ya biti, nayo ni shupavu. Mchicha unajitahidi na unakua haraka, wiki nne umeshakata. Rehani na nanaa weka kwenye vyombo viwili vya karibu na mlango na uvipe maji mazuri. Kotmiri ngoja Kusi.

Tungule sikukatazi, ila umezipanda msimu usio wake. Ua la tungule halishiki tunda usiku ukiwa na joto jingi. Chavua yake inaharibika, na mchana ukipita nyuzi 32 hali inakuwa mbaya zaidi. Usiku wa Kaskazi kwetu hauteremki vya kutosha. Hakuna mbolea itakayozuia maua kuanguka, na mtu akikuuzia dawa ya hilo, muulize joto la usiku atalipunguza vipi. Sia mbegu Mei, chagua zile tungule ndogo ndogo zinazozaa vishada, zitachanua Julai kukiwa na ubaridi kidogo. Lakini Kusi inaleta upepo wenye chumvi, kwa hiyo zipange nyuma ya ukuta ulio upande wa kusini, na ukiona majani yananata chumvi yasuuze asubuhi kwa maji matamu.

Sasa mamamkwe. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga uliolowa inakaribia kilo 40. Vyombo 11 vikiwa vyote vya ukubwa huo, umeweka zaidi ya kilo 400 juu ya boriti ambazo pengine zina umri mkubwa kuliko bibi yako. Mchanganyiko niliokutajia unapunguza uzito karibu nusu. Lakini hata hivyo usiweke kitu katikati ya chumba. Panga kando ya kuta, kwa sababu ukuta ndio unaobeba, na acha nafasi kati ya chombo na chombo. Inua kila ndoo juu ya vipande vya tofali, uelekeze maji yanayotoka kwenye mfereji. Maji ya chumvi yakizama kwenye sakafu ya chokaa hukauka ndani yake, chembe za chumvi zinakua na kupasua lipu kutoka ndani. Ukiona vumbi jeupe linaanguka chumbani, doa la unyevu darini, boriti iliyopinda au unga wa mchwa, teremsha vyombo vyote siku hiyo, mwite fundi anayezijua nyumba za mawe na boriti, apande aangalie kwa macho yake. Hilo haliwezi kujibiwa kwa barua, wala kwa picha ya simu. Na kama akisema dari halifai, basi kunde zinastawi uani pia, penye jua kwa muda wa saa sita.

Mtu mwingine wa kumwona ana kwa ana ni afisa kilimo wa wadi yako. Mpelekee chupa mbili zilizofungwa vizuri, moja ya maji ya kisima na moja ya yale yanayotoka chini ya ndoo, umwulize kama anacho kipima chumvi. Ni kidude kidogo kama kalamu na jibu linatoka papo hapo. Kipimo cha kisima kikipita desisimensi 3 kwa mita, usijichoshe na maji hayo kwa mboga, jenga kilimo chako juu ya mvua tu, na uwe na ndoo nne badala ya 11. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo chao Mtwapa, na kama kuna mtu wa nyumbani anayekwenda Mombasa anaweza kupitia kuulizia habari za mbegu.

Kabla ya hapo unaweza kupima mwenyewe. Chukua vifuniko viwili vyeusi vya sufuria, mimina kijiko kimoja cha maji ya kisima kwenye kimoja, na kijiko cha yale yaliyotoka chini ya ndoo kwenye kingine. Viache juani hadi vikauke. Rudia baada ya kuosha udongo. Ukiona ukoko wa kifuniko cha pili umekuwa mwembamba karibu sawa na wa kwanza, sia kunde. Ukiwa bado mnene, mwaga maji tena. Niandikie umeona nini, na unitajie dari limesemwaje na fundi.